Karatasi ya Saa

Saa moja unusu asubuhi, na bado ni usiku huku Hull.
Mashine ya fotokopi imeamka kabla ya jua:
inakohoa, inameza, inatema karatasi zenye joto la chapati.
Thelathini za hisabati. Thelathini za vitenzi.
Thelathini za mzunguko wa maji, na lile wingu
ninalolichora vibaya kila mwaka, kondoo asiye na miguu.
Za historia zimekwama.
Namvuta mfalme kwa ncha za vidole,
anatoka amekunjamana, nusu ya taji imebaki ndani.

Jana usiku nilisahihisha za saa.
Nyuso sita za mviringo, hazina mishale;
mtoto achore mwenyewe siku yake.
Oliwia, vyema sita. Callum, vyema tano na joka pembeni.
Asukulu, sifuri.

Kalamu nyekundu ilikuwa imeshapiga msalaba wa nne
ndipo mkono ukasita.
Kengele ya kuingia, ambayo Kiingereza huiita tisa,
yeye kaelekeza mshale kwenye tatu.
Chakula cha mchana, kumi na mbili: yeye sita.
Kurudi nyumbani, tatu: yeye tisa.
Hakuna mtu anayekosea kwa unyoofu huu.

Nikamwona mama yake, ametoka zamu ya usiku kiwandani,
vidole vingali na baridi ya samaki wa barafu,
ameiinamia karatasi yangu pale mezani,
anamsomea kwa Kiswahili cha Fizi:
andika, mwanangu, munaingia saa tatu.

Nami ninayesema saa moja unusu
huku mshale umeshaipita saba,
nami nilimpa sifuri.

Wino mwekundu haufutiki.
Nilibandika nyota juu ya misalaba, nne,
zikakaa upande upande, kama uongo.

Basi leo.
Somo: kivuli. Vifaa: kijiti, chaki, utepe wa kupimia.
Muda: dakika arobaini, mvua ikiruhusu.
Bwana Thackray, anayetunza majengo, amekata mpini wa fagio,
mita moja kamili, akinung'unikia fagio lake.
Tumeusimamisha uani ndani ya ndoo ya mchanga,
wiki ya pili ya Januari, jua limejibanza juu ya paa la bwalo
kama mgeni asiyeambiwa akae wapi.

Nilikozaliwa, saa hizi kivuli
kinajikunja chini ya nyayo, unakikanyaga ukienda kula.
Hapa kimelala uani kote,
kimepita mistari ya kuchezea, kimegusa mapipa ya taka.
Maisie anakikimbilia na chaki, anafika akihema.
Mita tatu na sentimita themanini.

Asukulu hakimbii. Anahesabu.
"Mwalimu, saa sita ni saa sita tangu jua litoke?"
Ndiyo.
"Leo limetoka nikiwa njiani. Saa mbili na kidogo."
Anakunja vidole ndani ya glavu: vinne tu.
"Basi huku hata Kiswahili kinachelewa."

Kwenye andalio langu la somo hakuna kisanduku cha jambo hilo.
Nilisimama na utepe mkononi, pua inachuruzika,
na wote thelathini wakanisubiri nijue.

Darasani tulichora. Sentimita moja kwa kila kumi.
Kijiti kikaenea vizuri. Kivuli kikafika ukingoni mwa ukurasa,
kikabakiza sentimita kadhaa hewani,
maana karatasi niliipima kwa jua la kwetu.
Wakaunga. Gundi ya utepe, migongo ya karatasi zilizobaki:
kivuli cha Callum kikaishia kwa mfalme aliyekunjamana,
cha Oliwia kikavuka wingu langu.

Asukulu alichomoa begini ile ya saa,
nyota zake nne tayari zimeanza kubanduka.
Akaigeuza, akaiunga, akaweka rula,
akapiga mstari hadi mwisho.
Kisha akaja mezani kwangu kuuliza
pale juu, penye wakati, aandike ipi.

Andika zote mbili, nikasema.
Pana nafasi.